Bangili Mguuni mwa Lusungu

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Betueli Mlowe alipiga goti mbele ya mkewe na kumvalisha bangili mguuni. Mtu akipita dirishani angedhani ni mapenzi. Bangili ilikuwa ya kijivu, nyembamba kama utepe, na upande wa ndani ilikuwa na jicho dogo la kijani lililogusa ngozi. Ilihesabu hatua na mapigo ya moyo, na ilipima joto la mwili. Upande wa nje yalichongwa maneno mawili tu: BETUELI MLOWE.

"Umeibana," alisema Lusungu.

Betueli alimtazama kwanza, kisha akailegeza.

"Sasa?"

"Sasa sawa."

Lusungu alivuta soksi ya sufi ikaifunika bangili, akavaa buti za mpira, akabeba kisanduku cha barafu chenye chanjo za kuku. Yeye ndiye aliyekuwa mchanjaji wa kata. Siku nzima alipanda na kushuka vilima vya Lwangu, nyumba kwa nyumba, akikamata kuku wa watu na kuwadondoshea tone moja jichoni. Jioni alirudi na hatua elfu kumi na nane, elfu ishirini, siku nyingine zaidi. Zote zilikuwa za Betueli.

Betueli mwenyewe alitembea kutoka kitandani mpaka gari la kazini, kutoka kwenye gari mpaka kwenye kiti, na jioni akarudi vilevile. Siku moja alijaribu kuzihesabu hatua hizo. Zilipofika mia nne akawa tayari yuko kitandani, na tangu siku hiyo hakuhesabu tena.

*

Ukumbi wa Viti ulikuwa juu ya kilima, umezungukwa na mashamba ya chai. Humo ndani walikaa wanaume sitini wakiendesha mashine zilizokuwa mwezini. Kule juu kuna mashimo ambayo hayajawahi kuliona jua, na ndani yake kuna barafu ngumu kama jiwe. Barafu hiyo ilichimbwa na mikono ya chuma, na mikono hiyo ilisukumwa na vidole vya watu wa Njombe.

Ukisukuma fimbo, amri ilisafiri mpaka mwezini, mkono ukasogea, picha ikarudi. Kwenda na kurudi zilikuwa karibu sekunde tatu. Mwenye haraka alivunja mashine. Kwa hiyo watu wa viti walijifunza kusubiri, na kusubiri kukawaingia mwilini. Ukimsalimia mmoja wao sokoni alikutazama kwanza, kama vile salamu yako bado iko njiani. Wake zao waliwacheka. "Mwacheni," walisema, "huyu bado yuko mwezini."

Betueli alikuwa na mkono mtulivu kuliko wote. Kwa miaka sita hakuwahi kuvunja hata jino moja la mashine, na wageni walipoletwa kuutazama ukumbi walisimamishwa nyuma ya kiti chake. Tena kiti chenyewe kilikuwa na moto. Baridi ya Njombe mwezi wa saba inauma mpaka kwenye mifupa, na kampuni kwa kuwahurumia watu wake ilitandaza nyaya za joto ndani ya tandiko la kila kiti. Mtu alikaa saa kumi na mbili juu ya joto kama la mkate uliotoka tanurini. Palikuwa na kitufe cha kulipunguza. Betueli hakuwahi kukigusa ila kwa kulipandisha.

"Jumamosi ni kwako, eti?" aliuliza Ngole, jirani yake wa kushoto, bila kuondoa macho kwenye skrini.

Betueli alisubiri. "Ni kwangu."

"Usiwe na wasiwasi. Hatua zako tunazisikia. Mtu anakaa hapa kutwa na bado anapiga elfu ishirini. Unatembea saa ngapi, ndugu yangu, ukiwa usingizini?"

Wa nyuma wakacheka. Betueli naye akacheka, akachelewa kidogo, na hakuna aliyeshangaa.

"Mimi nimenunua baiskeli," Ngole aliendelea. "Saa nne kila siku baada ya kazi. Tandiko limenichubua mpaka nakaa upande mmoja. Lakini nesi akija atanikuta simba."

Jumamosi palikuwa na kikao. Kila mtu Lwangu alijua kikao ni nini.

Watoto walikuwa wamepungua. Shule ilikuwa na madarasa saba na wanafunzi thelathini, na kengele yake ilipopigwa ilisikika kama imepigwa kwa makosa. Serikali ilipotaka kuwapima wanaume, mwanzoni ilileta vikopo. Wanaume wakavikataa. Walisema hawawezi kuingia chooni na kikopo huku nesi akisubiri mlangoni, na mahali pengine walivimwaga barabarani wakavipitia kwa trekta. Ndipo ikaja bangili. Bangili haikumdai mtu chochote cha siri. Ilitazama tu kama mwanaume anautikisa mwili wake, na aliyetembea vya kutosha alihesabiwa kuwa mzima. Mtu wa kiti aliyeshuka chini ya hatua elfu nane alitolewa kitini siku tisini, akatembee. Na ndoa ilipomaliza miaka mitatu bila mtoto, nesi alikuja kuisoma bangili ya mume mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Ikisomeka vizuri, basi kasoro ilikuwa kwa mke, na mke alipelekwa kuchomwa sindano za kuamsha mayai.

Karibu miaka miwili nyuma, bangili ya Betueli ilikuwa imeshuka mpaka elfu moja na mia mbili, na mkuu wa ukumbi, asiyetaka kukosa mkono wake bora, badala ya kumtoa alimwita akamwonya kwa upole. Jioni ile alimwambia mkewe, "Nivalie bangili, unitembelee wiki moja tu." Wiki ile haikuisha.

*

Ijumaa alasiri Lusungu alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba akimenya viazi. Betueli alikuwa na zamu fupi, akamkuta hapo. Akasimama mlangoni.

"Leo nimepita kwa Tumaini, yule wa darajani," alisema Lusungu. "Kuku wake kumi na moja. Alinisaidia kuwakamata lakini hawezi kuinama."

"Bado?"

"Zile sindano zilimjaza maji tumboni, Mlowe. Alilala hospitali wiki mbili. Anasema alikuwa akihema kama amebeba gunia kifuani." Akakitupa kiazi kwenye sufuria. "Na hakupata mtoto."

Betueli alitazama mguu wa mkewe. Soksi ilikuwa imeshuka, na jicho la kijani la bangili lilikuwa linawaka na kuzima, likihesabu moyo wa mtu aliyekaa anamenya viazi.

"Kesho nitasema," alisema.

"Utasema nini?"

Sekunde tatu zikapita, kisha nyingine nyingi.

"Unaona," alisema Lusungu, bila hasira. "Ukisema, watakutoa kwenye kiti. Watakucheka sokoni. Mama yako atafia hapohapo kwenye kochi. Mimi nitachomwa tu sindano. Wewe utachekwa. Kuchekwa huwezi, nakujua."

Alilisema kama mtu anayetaja namba ya kiatu cha mwenzake. Betueli alitamani mkewe angelia au angemtukana. Alivuta kigoda kingine, akachukua kisu, akaanza kumenya naye, na maganda yake yalikuwa manene, yakiondoka na nusu ya kiazi. Lusungu aliyaona. Na Betueli aliona aibu hata kwa maganda yale.

*

Kikao kilianza saa nne asubuhi. Mama Betueli alikaa kwenye kochi kubwa, amevaa kitenge kipya. Mzee Msigwa, baba yake Lusungu, alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, kofia magotini. Mkewe alikaa kwenye mkeka pamoja na Lusungu, uso umegeukia ukutani kidogo, kama mama mkwe mwenye heshima anavyokaa panapokuwa na mkwewe. Nesi Eliwaza, mwanamke mnene mwenye miwani, alikaa katikati na kishikwambi chake.

Betueli, kwenye kochi kando ya mama yake, alinyoosha mguu. Bangili alikuwa ameivaa robo saa iliyopita, na bado ilikuwa na joto la mguu wa mkewe.

Nesi aliigusisha kishikwambi, akasoma kwa sauti kama sheria inavyotaka. "Betueli Mlowe. Miezi ishirini na mbili tangu isomwe mara ya mwisho. Wastani wa hatua kwa siku, elfu kumi na nane na mia tatu. Mapigo ya moyo akipumzika, hamsini na nane. Moyo wa mtu mwenye mazoezi."

"Mnasikia?" alisema Mama Betueli. "Mwanangu ana miguu. Tangu mdogo. Sitaki kumsema mtu hapa, mimi ni mgeni kama ninyi, lakini masikio ya kila mtu yamesikia."

Nje jogoo alipita akikwaruza ardhi.

Mzee Msigwa alisimama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amelima viazi maisha yake yote, na alipoongea mbele ya watu alitazama viatu vyake.

"Mkwe wetu," alisema, "na wewe mama mzazi. Sisi tuliwapa binti tukiamini tumewapa mtu mzima. Hatukujua. Kama nyumba yenu imechelewa kupata sauti ya mtoto kwa sababu yetu, naomba radhi. Mimi na mama yake, tunaomba radhi."

Akainamisha kichwa mbele ya Betueli. Nywele zake zilikuwa nyeupe utosini, chache, na Betueli aliiona ngozi ya kichwa kupitia nywele hizo. Mama mkwe kule ukutani alifuta macho kwa pembe ya kanga. Lusungu alikuwa anatazama mikono yake tu.

Betueli alifungua mdomo. Akaurudisha mguu wenye bangili chini ya kochi.

"Kuna kitu kimoja," alisema nesi Eliwaza.

Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Kaka Betueli, bangili inapima joto pia. Huwa hatulisomi kwa sauti, maana halina kazi sana kwa wanaume. Lakini hili lako limenishangaza. Linapanda kidogo, kama nusu nyuzijoto hivi. Linakaa juu siku kumi na tatu. Kisha linashuka. Baada ya siku kumi na tano linapanda tena. Miezi ishirini na mbili halijakosa hata mara moja, kama saa."

"Ni malaria," alisema Mama Betueli.

"Huenda." Nesi hakumtazama. "Kaka, sheria hainiruhusu kumwambia mwanaume kwamba bangili aliyovaa ina jambo. Mwenye bangili ndiye husema. Mimi naandika tu ninachoambiwa. Nikiandika homa, kikao kimekwisha, na dada Lusungu anaanza sindano Jumatatu. Niandike homa?"

Lusungu aliinua uso. Macho yake yalimwambia Betueli aitikie.

"Usiandike," alisema Betueli.

Neno lilitoka kabla nesi hajafunga mdomo wake. Lusungu alishtuka. Kwa miaka mitatu ya ndoa hakuwahi kumsikia mumewe akijibu haraka namna ile.

"Si homa. Si mguu wangu. Bangili anavaa mke wangu. Hizo hatua zote ni za kwake, anachanja kuku nazo. Mimi nakaa. Nakaa kwenye kiti cha moto kutwa, nikirudi nakaa karibu na jiko. Nilimwomba anitembelee wiki moja, nikaacha ikawa miaka."

"Betueli," alisema mama yake kwa sauti ndogo.

"Na moyo ni wa kwake, mama. Hamsini na nane. Ni wa kwake."

Mama Betueli alijifunika uso kwa kitenge chake kipya. Mama mkwe aliisahau heshima, akageuka na kumtazama mkwewe machoni kwa mara ya kwanza, na Betueli akaona heri angetemewa mate.

Nesi aliongea taratibu, akimwelekea mzee Msigwa. "Baba, lile joto linalopanda na kushuka ni yai. Kila mwezi mwili wa mwanamke ukitoa yai, joto hupanda. Binti yako ametoa yai kila mwezi kwa miezi ishirini na mbili. Hana kasoro ninayoiona. Hakuna sindano atakayochomwa na mimi."

Mzee Msigwa alikuwa bado amesimama. Aliigeuza kofia yake mkononi, mara moja, mara mbili.

"Ile radhi," alisema.

"Ndiyo, baba," alisema Betueli.

"Ile radhi niliyoomba hapa sasa hivi. Nirudishie."

Betueli alitoka kwenye kochi akapiga goti. Alipiga goti vilevile kama alivyofanya kila asubuhi, goti la kulia kwanza, na mwili wake uliikumbuka njia hiyo hata kabla hajafika chini. Akamwomba radhi mzee, akamwomba radhi mama mkwe. Kisha akamgeukia Lusungu. Akabaki amepiga goti mbele yake mikono ikiwa mitupu, hana bangili ya kumvalisha.

"Inuka," alisema Lusungu. "Wanakuona."

"Waone."

Akamtazama nesi kutoka pale chini. "Vile vikopo bado vipo?"

Nesi Eliwaza alichelewa kuelewa. Kisha akafungua mkoba wake, akachimba chini kabisa, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti la zamani. "Kimoja," alisema. "Nakibeba mwaka wa nne. Hakuna aliyewahi kukiomba."

Choo kilikuwa nje, ng'ambo ya uwanja. Ili kufika, ilibidi Betueli apite mbele ya mama yake, mbele ya mama mkwe, na mbele ya mzee Msigwa aliyesimama mlangoni. Mzee alisogea kidogo kumpisha. Betueli alivuka uwanja na kikopo mkononi, mchana kweupe, na majirani wawili waliokuwa wakianika nguo waliacha kuanika. Zilikuwa hatua thelathini na moja. Hizo alizihesabu.

*

Jumatatu alitolewa kitini. Mkuu wa ukumbi hakumkemea. Alimwonyesha tu kijana aliyekuwa ameshakaa mahali pake, na kwenye skrini ule mkono wa chuma ulikuwa unayumba, ukiharakishwa. Betueli alitaka kusema, ngoja, subiri picha irudi. Ngole alikuwa amegeuza uso upande mwingine. Watu hamsini na tisa walimsikiliza akitembea mpaka mlangoni.

Kwenye zahanati, nesi Eliwaza alimwambia bila kuzungusha.

"Mbegu zipo, lakini chache, na nyingi hazijongei. Zimekaa kama wewe." Akamwonea huruma, akavuta kiti karibu. "Sikiliza, kaka. Mbegu ya mwanaume inataka ubaridi kuliko mwili wote, ndiyo maana Mungu aliiweka nje. Wewe umeikalia juu ya moto miaka sita. Mbegu moja inachukua siku sabini na zaidi kuiva, kwa hiyo za leo ni matunda ya ulivyokaa miezi iliyopita. Tembea. Simama. Punguza mwili huo. Lakini usije ukakimbia kama unafukuzwa, wala usinunue baiskeli kama yule rafiki yako, hizo saa nne kwenye tandiko naye anajipika vilevile. Kiasi. Baada ya siku tisini tutaangalia tena."

"Zitarudi?"

"Wengi hupata nafuu. Wengine hapana. Sikuahidi."

Siku iliyofuata bangili ilikuwa mguuni mwa Betueli mwenyewe. Mguuni mwa Lusungu ilibaki alama, pete ya ngozi nyeupe iliyolainika, kama mahali palipofungwa kamba. Alikuwa amekataa kuvaa soksi.

Betueli alibeba kisanduku cha barafu. Kufika nyumba ya nne alikuwa anahema, na jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Watu walimtazama kutoka milangoni. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti kama huyo ndiye aliyekuwa akitembelewa na mkewe, na Lusungu akamjibu kwamba ndiye, kisha akamuuliza kama kuku wake wako ndani au wamefunguliwa. Betueli alikimbiza kuku mwekundu kuzunguka banda mara tatu. Alipomkamata, bibi akacheka mpaka akakaa chini. Betueli alimshika kuku, Lusungu akadondosha tone. Kuku alipepesa jicho.

Walipokuwa wanapanda kilima cha mwisho, Lusungu alikuwa mbele. Hakusimama wala hakugeuka alipouliza.

"Kama nesi asingeliona lile joto. Ungesema?"

Betueli alizisikia hatua zake mwenyewe kwenye changarawe, nzito, moja baada ya nyingine, zikihesabiwa. Swali lilikuwa limefika. Hakuwa na la kulisingizia. Lusungu aliendelea kupanda, akasubiri, kama anayejua kwamba jibu limeshaondoka na liko njiani.

"Nisingesema," alisema Betueli.

Lusungu alitembea hatua kadhaa zaidi. Ile alama nyeupe juu ya kisigino chake ilipanda na kushuka mbele ya macho ya mumewe, na hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Kisha wakafika kwenye nyumba ya juu. Lusungu akasogea pembeni ya njia, akamwacha mumewe atangulie mlangoni.

"Piga hodi," alisema. "Leo piga wewe."